UZI: Janga likirudi, vyuo vya Mbeya na Iringa vianze na dirisha la bweni

Mlezi wa Bweni (mwanzisha uzi)

Wadau, habari za majukumu.

Vyuo vyote nchini vilifungwa tarehe 18 Machi 2020 kwa sababu ya korona, vikafunguliwa 1 Juni 2020. Kwa mtu wa Dar, Juni ni mwezi wa kupumua baada ya joto. Kwa aliye Iyunga, Uyole, Mafinga au Kihesa, Juni ndiyo baridi inaanza kuuma, na ikiuma kila dirisha linafungwa. Yaani wanafunzi waliitwa warudi mabwenini katika majira yale yale ambayo hewa ya chumbani haitembei. Mwongozo ulioandikwa kwa kumfikiria mtu wa pwani hautoshi huku juu.

Mipango mingi ya dharura ina ndoo ya koki getini, kipima joto cha bastola na bango la "nawa mikono". Si vibaya. Ila getini mwanafunzi anasimama nusu dakika, chumbani analala saa nane. Ugonjwa wa njia ya hewa humkuta mtu pale anapokaa muda mrefu na wenzake bila barakoa, na kwa mwanafunzi hapo ni kitandani.

Tuhesabu. Chumba cha mita 4 kwa 5, dari mita 2.7, ni mita za ujazo 54. Dabodeka mbili, watu wanne. Sasa ongeza kubebana, maana sote tunajua majina yaliyobandikwa mlangoni si idadi ya wanaolala ndani. Weka wanane. Mtu aliyelala hutoa takribani lita 13 hadi 14 za kabonidayoksaidi kwa saa. Wanane ni lita 110 hivi, na chumba kikizibwa kabisa, kiwango kinapanda kwa karibu ppm (sehemu kwa milioni) 2,000 kila saa. Hewa ya nje ina ppm 420 hivi. Gesi hiyo siyo inayoambukiza, lakini inakuonyesha ni kiasi gani cha hewa unayovuta kimetoka kwenye mapafu ya mwenzako.

Katazameni yale matundu ya hewa juu ya dirisha na juu ya mlango. Utakuta yamesokomezwa maboksi, magazeti, hata fulana. Kazi ianzie hapo: matundu yazibuliwe, na anayelala karibu nayo apewe blanketi la pili. Bila blanketi atayaziba tena usiku huohuo, na hutamlaumu.

Vitanda viachane angalau mita moja, na wa vitanda jirani walale mzungu wa nne, kichwa cha huyu upande wa miguu ya yule. Wa juu na wa chini nao wapishane hivyohivyo. Haigharimu hata shilingi.

Asubuhi watu wakienda kuoga, dirisha na mlango vifunguliwe wazi kabisa dakika 10 hadi 15. Nje kukiwa na baridi hewa hubadilika upesi zaidi, kwa sababu tofauti ya joto kati ya ndani na nje ndiyo inayoisukuma. Kuta na magodoro hubaki na joto lake, kwa hiyo chumba hakichelewi kurudi kilivyokuwa.

Wenye fani zenu ongezeeni: madarasa, maji, dawa za kufutia, wagonjwa.

Fundi Hewa

Mkuu umegusa penyewe. Niongezee ya darasani.

Kiwango cha Shirika la Afya Duniani kwa majengo ambayo watu hawalali ni lita 10 za hewa safi kwa sekunde kwa kila mtu. Chukua venyu, yaani ukumbi wa mihadhara, ya mita 12 kwa 9, dari mita 3, yenye watu 100. Unahitaji lita 1,000 kwa sekunde, sawa na mita za ujazo 3,600 kwa saa. Chumba chenyewe ni mita za ujazo 324, kwa hiyo hewa yote ibadilike mara 11 kila saa.

Kujua madirisha yanatosha: zidisha 0.65 kwa kasi ya upepo, kisha kwa eneo lililo wazi la upande ule wenye uwazi mdogo, unapata mita za ujazo kwa sekunde. Upepo ukiwa mita 1 kwa sekunde, hapo unatakiwa uwazi wa kama mita za mraba 1.54 kila upande. Inaonekana kidogo. Tatizo ni haya madirisha ya alumini ya kusukuma: la mita 1.5 kwa 1.2 lina mita za mraba 1.8 kwenye mchoro, lakini likifunguliwa hadi mwisho linaachia nusu tu, 0.9. Basi ni mawili kila upande, yote wazi. Juu yake kuna wavu wa mbu uliojaa vumbi la kiangazi, hapo hesabu inapungua tena. Nyavu zifuliwe kabla ya muhula kuanza.

Hesabu hiyo inahitaji pande mbili zinazotazamana. Darasa lenye madirisha upande mmoja tu halifai kwa kundi kubwa wakati wa janga, hata mlango ukiwa wazi. Lipeni semina za watu 20. Feni ya dari nayo inakoroga hewa ileile, haiibadilishi. Feni ya maana ni ile iliyowekwa dirishani ikitazama nje, ikitoa hewa, na dirisha la upande wa pili likiwa wazi.

Ratiba pia ni dawa. Hewa ikibadilika mara 12 kwa saa, dakika 10 za darasa tupu huondoa zaidi ya asilimia 80 ya vilivyokuwa vikielea. Kundi la pili lisubiri nje mpaka dakika hizo ziishe. Wakiruhusiwa kuingia huku wa kwanza wanatoka, umepoteza faida yote.

CR Mwaka wa Pili

Shikamooni wakubwa, mimi ni CR, yaani kiongozi wa darasa. Ya madirisha tumeyapokea, ila hali halisi ni kwamba darasani aliyekaa karibu na dirisha analifunga mwalimu akigeuka tu. Na usiku kuna vyumba wanaingiza jiko la mkaa. Tuwaambieje?

Nesi wa Zamu

Marahaba mwanangu. Kwenye mkaa usibembeleze mtu. Jiko la mkaa chumbani hutoa kabonimonoksaidi, haina harufu wala rangi, na moto ukishakuwa makaa mekundu bila moshi ndipo watu wanapodhani umekuwa salama. Anayelala nao anaumwa kichwa, analegea, haamki. Mpango wowote wa kuzuia maambukizi unaowaacha wanafunzi na baridi bila njia nyingine utawasukuma kwenye jiko, kwa hiyo suala la joto lazima liwe ndani ya mpango wenyewe.

Njia nyingine zipo. Blanketi mbili nyembamba zinashika joto kuliko moja nzito, kwa sababu ya hewa iliyo katikati. Kofia na soksi kitandani. Chupa ya mpira ya maji ya moto, ifungwe kwenye fulana. Chupa za soda zinalegea kwa maji yanayochemka na kifuniko kinaweza kufyatuka, usizitumie. Hita ya umeme ya wati 2,000 kwenye soketi moja yenye ekstensheni ya vyumba vitatu ni moto unaosubiri siku.

Darasani, madirisha yote yafunguliwe kidogo badala ya mawili kufunguliwa sana. Baridi inagawanyika na hakuna anayeadhibiwa peke yake. Viti vizungushwe kila wiki.

Sasa kipima joto cha bastola. Kinasoma ngozi ya paji la uso, siyo joto la mwili. Mwanafunzi aliyetembea kutoka stendi asubuhi ya Julai atasoma 33 au 34, na mlinzi atampitisha hata kama ana homa ya 38.5. Vingi vya aina hiyo vimetengenezwa kufanya kazi penye nyuzi 16 hadi 35 hivi, na alfajiri yetu iko chini ya hapo. Kama ni lazima kupima, mtu akae ndani dakika 10 hadi 15 kwanza, kofia ivuliwe, jasho lifutwe, na kifaa kikae ndani pia. Hata hivyo wenye maambukizi wasio na homa watapita tu. Maswali matatu ya dalili yanayoulizwa na mlezi wa bweni kila asubuhi yananisaidia kuliko bastola.

Mnyalukolo

Kamwene wadau. Mnazunguka sana. Huku hewa ni ya milimani, ni safi. Mtu apige nyungu, ajifukize na mikaratusi, anywe tangawizi, mambo yaishe. 2020 ilitusaidia.

Nesi wa Zamu

Kamwene kaka. Tangawizi haina ubaya, inalainisha koo. Mvuke unaweza kumpa mtu nafuu ya pua iliyoziba, lakini hauui virusi vilivyo ndani ya seli za mapafu, na mvuke wenye joto la kuviua ungeunguza mapafu yenyewe kwanza. Hatari bwenini ni mbili. Sufuria ya maji ya moto chini ya blanketi, ikipinduka ni mapaja na tumbo. Na wale wanaojifunika watatu blanketi moja, wanakohoa pamoja humo ndani. Anayetaka ajifukize peke yake, sufuria mezani na siyo mapajani.

Hewa ya milimani ni safi nje, hilo ni kweli. Ndiyo maana tunasema iingizwe ndani.

Mtu wa Maabara

Nitajibu ya dawa, maana hapa ndipo watu wanapoharibu zaidi.

Sehemu zinazoguswa (vitasa, reli za ngazi, koki, swichi) zifutwe kwa klorini ya asilimia 0.1. Jiki (klorini ya maji) ya asilimia 3.5: chukua mililita 570, ongeza maji mpaka ndoo ifike lita 20. HTH, yaani klorini ya unga, ya asilimia 70: gramu 28 hadi 29 kwa lita 20, ambayo ni karibu vijiko viwili vya chakula vilivyosawazishwa. Penye damu au matapishi inatakiwa asilimia 0.5. Hapo ni sehemu moja ya Jiki kwa sehemu sita za maji, au gramu 7 za HTH kwa lita. Soma lebo kwanza, kuna chupa za mtaani zisizofika 3.5.

Kwa nini inashindwa? Kwanza, watu wanafuta juu ya uchafu. Klorini inaliwa na tope na mafuta kabla haijafikia kimelea, kwa hiyo osha na sabuni, suuza, ndipo upake klorini na kuiacha dakika 10. Pili, inachanganywa Jumatatu itumike mpaka Ijumaa, ndoo ikiwa wazi juani. Mchanganyiko ni wa siku moja, kivulini, umefunikwa. Tatu, mtu anachanganya na dawa ya choo yenye asidi ili "iwe kali". Inatoa gesi ya klorini, na kwenye choo kilichofungwa inaua. Usichanganye na kitu chochote zaidi ya maji.

Na ile ya kuwapulizia watu klorini mlangoni iachwe kabisa. Inaumiza macho na mapafu, na mtu aliyeambukizwa anabaki kuwa ameambukizwa.

Vitakasa mikono: chuo chenye maabara ya kemia kinaweza kutengeneza kwa fomula ya Shirika la Afya Duniani. Kwa lita 10: ethanoli ya asilimia 96 mililita 8,333, haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3 mililita 417, gliserini ya asilimia 98 mililita 145, halafu maji yaliyochemshwa na kupoa mpaka ifike lita 10. Peroksaidi ipo ya kuua mbegu za bakteria zilizo kwenye vyombo, ndiyo maana chupa zinakaa saa 72 kabla ya kugawiwa. Jiko, sigara na cheche zikae mbali. Wanaofupisha njia kwa pombe kali ya dukani ya asilimia 35 au 40 wanapoteza hela, inatakiwa isipungue 60. Spiriti ya viwandani yenye methanoli ni sumu hata kupitia ngozi, na akitokea wa kuionja ni upofu.

Bwana Maji

Ndaga fijo mtu wa maabara. Nichangie la ndoo.

Piga nusu lita kwa kila anayenawa. Wanafunzi 200 wakiingia kantini mchana ni lita 100, yaani ndoo tano za lita 20 kwa mlo mmoja. Ndoo moja mlangoni ni mapambo. Penye uhaba wa maji, kibuyu chirizi, yaani dumu la lita 5 linaloning'inia na kuinamishwa kwa kamba, kinatumia kidogo zaidi na kinaendeshwa kwa mguu, kwa hiyo hakuna kufungua koki kwa mkono mchafu na kuifunga kwa uleule uliokwisha kunawa. Tundu litobolewe kwa msumari uliopashwa moto, sentimita 10 hivi chini ya mfuniko. Ukitoboa chini kabisa maji yanachuruzika yenyewe.

Sabuni za mche huibiwa. Gramu 30 za sabuni ya unga kwenye chupa ya lita moja na nusu ya maji, tikisa, toboa kifuniko. Inanawisha vizuri na hakuna anayeitamani. Chini mwaga kokoto, la sivyo baada ya siku mbili ni tope na watu wanalikwepa.

Maji baridi yanasafisha sawa na ya moto, kinachofanya kazi ni sabuni na kusugua sekunde 20. Ila mtu aliyegandishwa vidole anasugua sekunde tatu. Ndoo nyeusi zikiwekwa juani asubuhi zinapunguza makali ifikapo saa nne.

Kantini: lile beseni moja la kunawia ugali linalozunguka meza nzima liondoke. Birika na maji yanayotiririka. Mabenchi yatolewe nje chini ya banda, kwa sababu wakati wa kula ndiyo barakoa zinavuliwa na soga zinaanza.

Mlezi wa Bweni

Na barakoa, maana imepita haraka?

Nesi wa Zamu

Kitambaa tabaka tatu: ndani pamba, katikati kitambaa kisichofumwa, nje poliesta. Pumua kwa nguvu: ukisikia hewa shavuni au miwani ikipata ukungu, inavuja, bana waya wa puani. Kwenye baridi pumzi inageuka maji na barakoa inalowa ndani ya masaa machache. Iliyolowa ni ngumu kupumulia na mtu anaishusha kidevuni, kwa hiyo mbili kwa siku. Ifuliwe kila siku kwa maji ya moto na sabuni.

Kijana wa Geto

Sisi tunaopanga mtaani hatumo kwenye mpango wowote. Na mgonjwa akitokea chumbani tunampeleka wapi? Mimi naogopa kusema nakohoa wiki ya testi.

Mlezi wa Bweni

Umetaja jambo linalovunja mipango mingi: mwanafunzi anaficha dalili kwa sababu anaogopa kukosa testi. Kabla chuo hakijatenga chumba hata kimoja, kitangaze kwa maandishi kwamba aliyetengwa kwa ugonjwa atapewa mtihani maalumu bila adhabu, na karatasi ya zahanati inatosha. Bila hilo chumba cha wagonjwa kitakaa kitupu huku bwenini watu wanakohoa ndani ya shuka.

Chumba chenyewe kiwe mwisho wa korido, dirisha linalotazama nje, choo chake. Chakula kiachwe mlangoni, na awepo mtu mmoja anayepiga simu asubuhi na jioni. Wagonjwa waliothibitishwa na wale waliokaa nao tu wasiwekwe pamoja, maana huyo wa pili pengine hana kitu na ndiyo utakuwa umempa. Kwa korona ya 2020 dalili zilijitokeza siku 2 hadi 14, nyingi siku ya 5 au 6, hivyo waliokaa naye walikaa karantini siku 14. Mgonjwa alihesabiwa siku 10 tangu dalili zianze na angalau 3 zaidi bila dalili. Janga lingine litakuja na siku zake, fuateni za Wizara ya Afya. Simu yake ya bure ni 199.

Wa geto: CR awe na orodha ya nani anaishi nyumba gani, na zahanati ya chuo iwahudumie kama wa bwenini. Mnatumia choo na kisima kimoja na familia ya mwenye nyumba, na mara nyingi kuna bibi humo ndani. Anayekohoa asikae sebuleni kwake kuangalia mpira.

Nesi wa Zamu

Nyongeza ya kifaa cha kupima oksijeni kidoleni. Mbeya mjini ni kama mita 1,700 juu ya bahari, Iringa kama 1,550. Kijana mzima huku anaweza kusoma asilimia 94 hadi 97, wala si mgonjwa. Akishuka chini ya 92, apelekwe akaonwe. Chini ya 90 ni hospitali sasa hivi, hata kama anaongea na kucheka. Vidole vya baridi vinadanganya kifaa, vipashwe kwanza. Rangi ya kucha itolewe, na kama kuna hina tumia kidole kingine. Subiri namba itulie kama nusu dakika.

CR Mwaka wa Pili

Asanteni sana. Tumechanga darasani tukanunua kipimo cha kabonidayoksaidi ili tuone hali ya hewa ya ndani. Nje ya jengo kinasoma ppm 345, siyo 420. Ni kibovu?

Fundi Hewa

Hapana, ni mwinuko. Vipimo vya mwanga wa infraredi vinahesabu molekyuli zilizopo kwenye kijisanduku chake, na huku juu hewa ni nyepesi, zipo pungufu. Kwa mita 1,700 kinasoma kama asilimia 18 chini. Ingia kwenye mipangilio utafute sehemu ya mwinuko au mgandamizo wa hewa, weka 1,700. Kama haipo, zidisha kila usomaji kwa 1.2. Ndiyo kusema kikikuonyesha 820 darasani, ukweli umekaribia 1,000. Lengeni ukweli usizidi 800. Ukipita 1,000 fungueni madirisha yaliyobaki, na msipoona ikishuka, nusu ya darasa watoke.

Angalieni mawili. Vingi hujirekebisha vyenyewe kila wiki kwa kudhani usomaji wa chini kabisa waliouona ni hewa ya nje. Kikikaa bwenini tu kitaichukua hewa chafu kuwa ndiyo safi na kitawadanganya daima, kwa hiyo kitoeni nje kwa saa kadhaa kila wiki. Pia kipulizieni kitakasa mikono kwa mbali: namba ikiruka ghafla, hicho hakipimi kabonidayoksaidi, kinapima harufu. Kirudisheni dukani kabla risiti haijapotea.